Maua ya Maboga Yasitolewe Mezani

Romana mdogo wangu,

Nimekwenda stesheni kuwapokea wakwe zako. Tandika kile kitambaa cheupe alichofuma Mama. Maua ya maboga yaache kwenye glasi hapo katikati, mbali na jua, maana yananyauka upesi. Chumvi kwenye sukari leo sijaweka, kama nilivyozoea kukutania. Onja mwenyewe.

Mama amekasirika. Asubuhi alinikuta bustanini nakata maua, akasema nammalizia maboga yake. Nikamwambia, "Mama, haya ni madume, hayazai." Akaniangalia, akasema, "Kama wewe na chuo chako." Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Najua amewaambia wageni kwamba bado nasoma Dar. Wakiniuliza njiani ~~nitasema niko likizo~~ nitasema nimeacha chuo, nimerudi kulima. Afadhali wasikie kwangu kabla hawajakaa mezani, Mama asije akahangaika kudanganya siku yako ya posa.

Wageni wakiondoka, maua yapikeni na karanga, mnibakizie. Na mwambie Mama madume mengine nimeyaacha kwenye mashina, nyuki wanayahitaji. Bila hayo hapati boga hata moja.

Kaka yako,
Leodgar