Kiungo Kilichofunguka Mezani Pangu

Jumanne jioni.

Nilikijaribu mezani pangu, kikafunguka, nikaridhika. Hilo ndilo kosa langu.

Seva zetu mbili za nyaraka hugawana kazi, nami nilipaswa kuoanisha majina yao ya ndani na anwani moja inayofunguka popote. Jina la seva ya pili nililisahau. Kwa hiyo onyo la ufa katika ukuta wa shimo lilifika mgodini Mutoshi likiwa kiungo tu, kisichofunguka nje ya ofisi.

Mama Kapinga, msimamizi wa zamu, alinipigia simu. "Tata, ile lien yenu ilikatala kufunguka. Mi nilizani ni mabarua ya kila siku, nikatuma batu chini."

Wawili hawajatolewa bado chini ya kifusi.

Kurekebisha kulichukua dakika tatu. Nimekifungua tena sasa hivi, kwa simu yangu: "Asishuke mtu yeyote."