Gauni la Mikono Isiyolingana

Nyumba ya kona,
Ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Goti lako limepoa? Na shemeji, kifua chake kimetulia? Pokeeni salamu zangu kabla ya neno lolote. Sisi tu wazima wa mwili. Nimesema mwili, utaona kwa nini.

Kwanza nikupashe: binti yangu Fundi kapewa kazi ya kushona sare thelathini za wapokezi wa hoteli! Mtaa mzima unajua. Usiniulize nani kawaambia. Mkono ule, mdogo wangu, kaurithi kwangu.

Sasa lililonikalisha chini. Mwezi uliopita alikata koti la mwalimu mmoja, mkono wa kushoto ukatoka mfupi. Mwalimu akacheka. "Fundi, hata mimi hukosea hesabu ubaoni." Akashonewa jingine, yakaisha. Mimi nikawaambia majirani kitambaa ndicho kilichonywea.

Kwa Fundi hayakuisha. Anapima mara saba, anachora chaki, anafuta, anachora tena. Mkasi unakaa wazi juu ya kitambaa, haufungi. Chakula anakigusa tu, na sketi anaikaza kiunoni kwa pini. Sare zinatakiwa baada ya wiki mbili, hata moja haijakatwa. Anasema atarudisha kitambaa, ufundi basi.

Nikamwambia, "Acha kuwaza, mwanangu. Mkono wako haukosei."

Akaweka chaki chini. "Mama, maneno hayo ndiyo yanayonizunguka kutwa. Nikikosea tena, nitakuwa mtoto wa nani? Kichwa kimekuwa cherehani isiyo na uzi. Nakanyaga, nakanyaga, hakuna kinachoshoneka."

Kesho yake nikampeleka zahanati. Nesi wa huko sasa anazungumza naye kila Jumanne. Kasema mawazo ya namna hiyo hayafukuzwi kwa kukemewa. Tena kaniomba nipunguze sifa. Mimi! Ilinichoma, lakini nimemeza.

Ndiyo maana naandika. Unalikumbuka gauni nililokushonea ulipohitimu? Huyu mtoto nimemlea kwa hadithi kwamba lilikukaa kama ngozi. Wewe na mimi tunajua kwa nini kwenye picha umeficha mkono mgongoni: mkono mmoja wa gauni uliishia kwenye kiwiko. Miaka yote hii hujanisuta. Mungu akulipe.

Najua unalo, wewe hutupi kitu. Litume kwa posta ya haraka, lifike kabla ya Jumamosi. Usiliguse kwa sindano wala pasi. Nitalitandika mezani kwake, kando ya mkasi, nimsimulie kwa kinywa changu. Akicheka, huenda akakata. Asipocheka, angalau atajua ni mtoto wa nani.

Nisalimie shemeji, watoto wenu pacha, na Mjomba Redio asiyenyamaza, naye azime kidogo apumzike. Mungu awape mioyo iliyotulia. Sasa najua hiyo ni mali kuliko sifa.

Wako akupendaye, asiyejua kupima mikono,
Dada yako.