Maji ya Kumwogesha Baba Yako

Baba Apolinaria,

Maji ya kumwogesha baba yako yako jikoni, yapashe moto. Uji mpe kidogokidogo, haukawii kumpalia. Mama Anselm wa jirani anamtazama mpaka utoke kazini.

Asubuhi nilimkuta amejichafua, analia kwa aibu. Nilikuita, ukasema unawahi stesheni. Nikafumba macho, nikamwosha. Akaniambia, "Asante, mwanangu." Mara ukarudi kuchukua kofia uliyosahau, ukanifokea mbele yake: mkwe hagusi mwili wa baba mkwe, nimevunja mwiko!

Haya. Nakwenda na mtoto kwa mama, kule Bukene. ~~Tutarudi Jumapili.~~ Tutarudi nikitaka.

Mgeuze taratibu, ana kidonda mgongoni. Hukujua, eh?

Mimi nina mwiko. Wewe mwanawe umezuiwa na nani?

Mkwe wa baba yako