Jenereta ya Marehemu Baba

Ambondrona, Nosy Be
Jumamosi, 8 Machi 2014

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mariamou, Mahajanga

Assalamu alaikum. Natumai goti halikusumbui tena unapopanda ngazi. Mimi ni mzima, ila usingizi ni haba.

Uliniuliza kuhusu kazi yangu. Kuna mji mmoja Ulaya ulioshindwa kumaliza moshi wake, ukalipia paneli za jua hapa kijijini. Moshi tunaoacha kuutoa sisi unahesabiwa kuwa umepunguzwa na wao. Sharti lilikuwa jenereta ya zamani ivunjwe mbele ya kamera, nami nithibitishe kwa sahihi. Jenereta unaijua: ni ile uliyoiweka wakfu msikitini baba alipofariki.

Tangu Januari maji ya udhu yananuka dizeli. Nilipomuuliza Fazul, mtunza msikiti, alicheka akasema pua yangu imeharibiwa na shule za Mahajanga. Wanawake wakaanza kuniita Bibi Moshi, na nikikaribia wananyamaza. Nikaamini jenereta haikuvunjwa, kwamba Fazul ameiuza kwa hoteli moja ya Ambatoloaka. Nikawa namchunguza, hata kanzu yake mpya ya Ijumaa.

Juzi baada ya alasiri nilisukuma mlango wa stoo ya jeneza. Jenereta ilikuwa inanguruma, imeunganishwa na pampu ya zamani ya maji ya udhu, na pampu ya jua iko hatua kumi tu kutoka pale. Fazul hakubabaika. Alisema wakfu hauvunjwi, na siku jenereta itakapozimwa kabisa thawabu za baba zitakatika. Kwa hiyo huiwasha saa moja kila siku. Kilichovunjwa mbele ya kamera ni mashine mbovu ya boti. Akaongeza, kwa upole, kwamba wewe ndiye uliyempigia simu kumwomba.

Sikulaumu wewe, mama. Nami nina la kukiri. Jenereta ya baba ina jina lake kwa rangi ya kijani. Ile iliyovunjwa haikuwa na jina. Niliona, nikatia sahihi, kwa sababu zahanati ilikuwa inangoja paneli zake. Miezi yote hii nimemtuhumu Fazul ili nisijitazame mwenyewe.

Barua ya kufuta sahihi yangu imo ndani ya bahasha hii. Isome, kisha umuulize sheikh wako kama wakfu unaweza kuhamishiwa kwenye pampu ya jua. Ukiridhika, irudishe niipeleke. Isiporudi nitajua jibu lako, nami nitaiandika tena na kuipeleka.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Naubusu mkono wako, nikiomba radhi.

Mwanao,
Zaïtoun