Umezikata Beti za Mama Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatatu, 12 Mei.

Mpendwa mwanangu Chapuchapu,

Hujambo? Yale mafua yameisha? Na mkeo, mgongo wake unaendeleaje? Nakuuliza haya mwanzo kwa sababu nimelelewa vizuri, na kwa sababu nikishaanza jambo lililonikalisha hapa sitakumbuka tena kukujulia hali. Sisi huku tunapumua. Goti langu bado linatabiri mvua kabla ya redio. Paa la jikoni tumelipaka lami, halivuji tena.

Sasa nina hasira, mwanangu. Ninayo tangu Alhamisi, na nimeamua kuandika kwa kalamu ili usipate pa kubonyeza ukanifuta.

Ni kile kitabu cha mashairi ya mama yako, dada yangu. Wewe mwenyewe ulisema tukuachie, kwamba kutengeneza vitabu vya kusomea kwenye simu ndiyo kazi inayokulisha huko. Tukakuamini. Kitabu cha karatasi herufi zake ni kama chawa, na presha ya macho imeshampofusha mama yako jicho la kushoto. La kulia linafifia. Daktari wa macho alituambia waziwazi tusitegemee mwaka huu uishe dada yangu akiwa bado anasoma. Hakulia. Alisema anataka jambo moja tu, asome kitabu chake chote, mara moja, kwa jicho lake mwenyewe, herufi ziwe kubwa kama za kwenye mabango. Ndiyo maana tukanunua tableti.

Ukatuletea kitabu cha kwanza. Kumbe ulipiga picha kurasa, ukazipanga, ukaziita kitabu! Ukibonyeza pa kukuza herufi, hakitokei kitu. Ukitanua kwa vidole, mstari unatoka nje ya kioo. Unausukuma ili uone mwisho wake, unaurudisha utafute mwanzo wa mstari unaofuata, na hapo umeshapotea. Mama yako alifika ubeti wa tatu akaiweka tableti mezani. Alisema kidole kimechoka kuliko jicho.

Tulipolalamika, ulitengeneza cha pili siku hiyohiyo, chapuchapu kama jina tulilokupa. Herufi zinakua, hilo nakubali. Hata rangi ya ukurasa inabadilika. Lakini umefanya nini humo ndani, wewe mtoto?

Unajua, au ulijua zamani ulipokuwa ukikaa chini ya meza yake akiandika, kwamba mstari wa shairi una vipande viwili, ukwapi na utao. Mama yako huviandika kwa safu mbili, kimoja kushoto, kingine kulia. Basi mashine yako imeisoma safu ya kushoto yote, juu hadi chini, ndipo ikarudi kuanza ya kulia. Mama yako aliandika hivi:

Mlango sikuufunga, nikidhani ungalipo,
Taa nayo naichunga, isizimwe na upepo.

Kwenye kitabu chako mlango haukufungwa, taa inachungwa, kisha vinafuata vipande vya kushoto vya beti zote saba kama watu wa foleni. Hiyo "nikidhani ungalipo" nimeikuta kurasa tatu mbele, imekaa peke yake, haijui imetoka kwa nani. Mlango uko wazi na sababu yake haipo. Hata shairi lenyewe linamhusu nani nadhani hujui, maana ungelisoma ungelijua. Liliandikwa wiki ile ulipoondoka.

Nikakutumia ujumbe. Jibu lako bado ninalo: "Huku kwangu inaonekana sawa, mama mdogo. Labda ni tableti yenu." Tableti yetu! Nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani, nikafungua kwenye simu yake, ni yaleyale. Nikafungua kwenye simu ya muuguzi, yule mpangaji wetu wa chumba cha uani, ni yaleyale. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tena hao wawili walikuwa wamengoja nafasi ya kusema. Muuguzi husoma akiwa kwenye basi la kwenda zamu, anataka akifungua kitabu akikute pale alipokiacha, na chako humrudisha kwenye jalada kila mara. Fundi cherehani anapenda herufi nyeupe kwenye ukurasa mweusi kwa sababu macho yake yanatazama sindano siku nzima. Alipogeuza rangi, vichwa vyote vya mashairi vilitoweka, vyeusi juu ya weusi. Akaniuliza, "Dada, kwani huyu aliyekitengeneza alikifungua hata mara moja?" Mimi, niliyekusifu mtaa mzima!

Mwanangu, nimepanga herufi za madini ya risasi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha uchapaji. Chumba chetu kilikuwa na sheria moja. Ukimaliza ukurasa, unamsomea mwenzako kwa sauti, neno kwa neno, koma kwa koma, naye ameshika mswada. Haijalishi ni kitabu cha sheria au tangazo la saruji. Msimamizi wetu alikuwa mkali kama pilipili, lakini hata yeye alikaa akasomewa. Tulikosea, ndiyo. Ila hatukumkabidhi mtu kazi ambayo sisi wenyewe hatujaisikia masikioni mwetu. Nyinyi mna mashine ambazo sisi hatukuziota, na hakuna hata mmoja wenu aliyekaa kitako akasoma kurasa kumi.

Nilimwambia dada nitamnakilia mimi, kwa kalamu ya wino mzito, ubeti mmoja kila karatasi. Nilishaanza kukusanya kalenda za zamani nitumie migongo yake. Akakataa katakata. "Nataka kile cha mwanangu," akasema. "Atakirekebisha." Nami nikazirudisha kalenda kabatini.

Sasa nikueleze Alhamisi. Fundi cherehani na muuguzi walikuja alasiri kumjulia hali. Mama yako akavaa miwani, akachukua tableti, akawasomea. Alisoma mashairi manne mfululizo, kidole kinafungua kurasa, hakukwama popote, ukwapi na utao vyote mahali pake. Lile la mlango lilimtoa fundi machozi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia, nikasema moyoni kumbe kijana amerekebisha, nimemlaumu bure. Alipomaliza aliwaambia, "Mmeona kazi ya mwanangu? Hata koma haijaanguka."

Walipoondoka niliichukua tableti nisome na mimi. Kioo hakikuwaka. Nikabonyeza tena. Ilikuwa haina chaji, na waya wa kuchajia ulikuwa kwangu tangu Jumanne, nimeuazima kwa simu yangu.

Ameyasoma yote manne kwa moyo, Chapuchapu, mbele ya kioo cheusi, ili watu waamini kwamba umeshairekebisha kazi yako. Sikumwambia kwamba nimeona. Niliiweka kwenye chaji, nikaenda jikoni, nikalia kwa hasira mpaka maji ya chai yakakauka.

Kwa hiyo tengeneza. Sitaki maua wala rangi. Ubeti mmoja ukae pamoja, na herufi zikikua, utao ushuke chini ya ukwapi wake, usiende kwingine. Kisha ukae na mkeo, wewe usome kwa sauti, yeye ashike kitabu cha karatasi. Mkisome chote. Haraka yako safari hii naihitaji, lakini iwe haraka ya mtu aliyesoma.

Nisalimie mkeo na wale pacha wako. Muuguzi anakusalimu. Fundi cherehani anakusalimu pia, na anauliza vichwa vya mashairi vitarudi lini. Mungu akulindie macho yako, mwanangu, na ayaelekeze yanapotakiwa.

Mama yako naye anakusalimu sana. Amenisisitiza nisisahau kukuandikia kwamba kitabu ni kizuri, anakisoma kila siku.

Ni mimi, nikupendaye hata ninapokugombeza,
Mama mdogo