Ufunguo wa Kanisa Siurudishi Bado

Kaptembwo, Nakuru

Mama Simiyu,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, si wa kuazima. Goti lako linasemaje na hiyo baridi ya Molo? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa ama bado anatuchezea? Mimi ni mzima. Meno yaliyobaki bado yamebaki. Mjukuu wetu Nekesa yuko hapa nyuma yangu anaosha vikombe. Huku ni joto, koti navaa kwa heshima tu.

Utauliza kwa nini naandika na simu iko. Simu yako unaiweka ile sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, na mambo ya huyu mtoto si ya jirani. Tena sikutoka wa kwanza darasa la gumbaru, sisi watu wazima, ndio niache kalamu ikauke. Wewe ulikuwa dawati la nyuma yangu, ulijionea. Dereva wa lori ya viazi atakuletea hii, na nimemwambia akiifungua nitajua.

Sasa jibu. Ulisema kwa simu Simiyu anataka nimrudishe binti yake, viazi vimefika kuchimbwa. Ukasema pastor ametangaza juma la kufunga na kuomba, na anataka Nekesa aongoze vijana kama mwaka jana. Halafu ukasema kanisa linauliza ufunguo wa mlango mkubwa, ati niliondoka nao mfukoni. Ni kweli ninao. Jibu la hayo yote ni moja, hapana. Nitakueleza, lakini hata nisipoeleza ni hapana.

Unakumbuka ile kufunga ya mwaka jana. Wengine walifungua, yeye akaendelea. Kila ukimpakulia anasema amefunga. Kanisa zima likasema huyu ni mtoto wa kiroho, akasimamishwa mbele akapigiwa makofi. Mpaka akaanguka kwa kwaya kama gunia, na huku hospitalini wakasikiliza moyo wake wakakuta unapiga pole pole kama saa inayomaliza betri. Daktari aliniambia waziwazi kwamba huu ni ugonjwa, unashika akili, na akili inadanganya tumbo. Si kurogwa na si kiburi. Na kufunga siko peke yake kulikouleta, bali ugonjwa ulipata mahali pa kujificha, nasi tukaupigia makofi.

Alipopata nguvu ya kutoka wodini, ndio tukaitwa kwa huo utafiti. Wewe unadhani utafiti ni kudungwa dawa ambayo haijajaribiwa, na Simiyu naye anaamini hivyo. Si hivyo. Wanataka kujua ni njia gani inasaidia watoto kama hawa katika familia zetu za huku. Kura inapigwa. Wengine wanaanguka upande wa mtoto kuongea na daktari peke yake, wengine upande wa familia kushika mambo ya chakula nyumbani, mtu mzima akae na mtoto kila mlo mpaka uishe. Sisi tuliangukia familia. Nikasema basi tumeshinda. Daktari, ni msichana mdogo tu lakini ana macho makali, akasema, "Mzee, hapa si mashindano. Hatujui bado ni upande gani utasaidia zaidi. Ndio maana tunatafiti."

Nikamwambia atajua karibuni, kwa sababu amepata mimi.

Akaniuliza, "Nyumbani huwa unakula na nani?"

"Nakula na redio."

Unalijua hilo, kwamba tangu nikuoe nakula sebuleni peke yangu, na nyinyi jikoni. Akaandika. Akauliza basi ni nani atakaa na Nekesa. Simiyu na mkewe wako shambani kwa watu, wewe una goti na ng'ombe. Nikasema ni mimi. Nekesa akaangalia dirisha. Akasema, "Huyu babu? Kuka hawezi. Kuka hana subira hata ya chai kupoa."

Hapo ndipo aliniudhi, na mimi nikiudhiwa unanijua.

Rael, binti wa marehemu ndugu yangu, akatupa chumba hapa kwake. Siku ya kwanza nilinunua kichwa cha mbuzi nikakichemsha, nikamjazia bakuli mpaka ukingoni. Nilisema nitamnenepesha kabla ya Jumapili. Daktari aliposikia alikuja juu. Akasema mwili uliokaa na njaa ukijazwa kwa ghafla unaweza kuharibika vibaya, hata kufa, kwa hiyo chakula kinaongezwa kidogo kidogo jinsi wao wanavyopanga, na damu inapimwa. Nikafikiria yule ndama tuliyemtoa kwenye kiangazi tukamwachilia kwa majani mabichi, vile alifura tumbo. Nikamwambia daktari hiyo nilikuwa naijua kitambo. Akanitazama. Mbuzi nilikula mimi na Rael.

Basi tukaanza. Meza ni ile ndogo ya Rael, magoti yetu yanagongana. Sheria ni hizi: usigombane, usimbembeleze, usimtishe na Mungu, na usiondoke. Unasema tu, "Kula, niko hapa." Mama Simiyu, mimi niliyemfukuza mnyapara wa pareto na jembe, naambiwa nisigombane.

Anasema, "Nimeshiba."

"Kula, niko hapa."

"Kuka, hata wewe hujamaliza."

"Mimi nina meno machache. Wewe unayo yote, unaogopa nini?"

Hapo nilikosea, daktari alisema nisimtanie kwa chakula. Lakini meno yamenisaidia. Mimi nikila ugali na sukuma, mtu anaweza kulima mistari miwili. Kwa hiyo hakuna siku anabaki mezani peke yake akitazamwa kama mwizi. Tunachelewa wote. Rael anarudi kutoka kuuza mitumba anauliza, "Baba mkubwa, bado mko hapo?" Namjibu tuko.

Si kwamba ni rahisi. Ameshawahi kuficha mkate kwenye mkono wa sweta. Siku moja alilia akasukuma sahani, akasema, "Mnataka nikuwe kama ng'ombe wenu. Nakuchukia, Kuka." Ulimi wangu ulikuwa na maneno tayari, unayajua. Niliyameza. Daktari alinifunza kwamba pale anaongea ugonjwa, si mtoto, na huo ugonjwa haujui kwamba mimi nina kichwa kigumu kuushinda. Nilikaa. Ugali ukawa baridi ukawa kama sabuni. Mwisho akanywa maziwa yale wanasema yanaweza kushika nafasi ya chakula, huku analia, lakini akamaliza.

Siku nyingine hakulia. Aliweka kijiko chini akauliza kwa sauti ya chini, "Kuka, nilimwahidi Mungu sitafungua mpaka aniambie. Nikikula, si nimemdanganya?"

Hiyo hakuna mtu alinifundisha jibu lake. Sheria ilisema nisimtishe na Mungu, lakini haikusema nifanye nini yeye akinitajia Mungu kwanza. Nikaingiza mkono kwa koti kutafuta leso, nikashika ule ufunguo. Nikautoa nikauweka mezani kando ya sahani.

Nikamwuliza, "Hiki ni nini?"

"Ufunguo wa kanisa."

"Nani amepewa kushika?"

"Wewe."

"Kanisa likifungwa, nani hufungua?"

"Ni wewe, Kuka."

"Basi mimi mzee wa kanisa nimefungua. Hii kufunga yako imeisha leo, mbele yangu. Mungu akiwa na swali aniulize mimi, ninapoishi anapajua."

Alitazama ule ufunguo sana. Akasema, "Kuka, hiyo ni ya mlango, sio ya tumbo." Nikamwambia mimi sijaulizwa ni ya nini, nimeulizwa kama nimefungua. Akacheka. Mama Simiyu, sikuwa nimesikia hicho kicheko tangu mwaka jana. Akala. Hakumaliza, lakini alikula.

Usianze kupiga vigelegele. Kesho yake alikataa tena kama hakuna kilichotokea. Nilimweleza daktari habari ya ufunguo nikingojea sifa, akasema vizuri, lakini mlo unaofuata ndio kazi. Anampima uzito akiwa amegeuka nyuma asione namba, na juma hili uso wa daktari haukunifurahisha. Akasema tukilegea kidogo anaweza kurudi wodini, na moyo hauna mchezo. Akanikumbusha pia kwamba tukitaka kutoka kwa utafiti hatukatazwi, na matibabu atapata tu. Nikamwambia mimi sitoki. Halafu nikamwuliza Nekesa, kwa sababu daktari alisema lazima yeye pia aulizwe. Akajibu, "Tukirudi Molo sasa nitafunga." Hayo ndiyo maneno nataka umsomee Simiyu, usiongeze wala usipunguze.

Kwa hiyo viazi vichimbwe na watu wengine. Pastor umwambie kwa heshima yote kwamba Nekesa haongozi kufunga, na vijana wengine wasisimamishwe mbele kupigiwa makofi kwa sababu hawajala. Daktari si mpinzani wa maombi, yeye mwenyewe huomba. Ana sehemu nyingine ya utafiti, ya kuzuia huu ugonjwa kabla haujashika, na anatafuta mahali pa kuzungumza na vijana na wazazi. Nimemkubalia kanisa letu. Sikuuliza kamati. Ufunguo ninao mimi.

Na tutakapokuja, hiyo siku ikifika, asitokee mtu wa kumwambia amenona wala amekonda. Waulize safari, waulize masomo, wamwambie ng'ombe amezaa. Nimekula na redio vya kutosha pia, kwa hiyo panga meza jikoni, kiti changu kikae kando ya chake.

Msalimie Simiyu na mkewe, waambie binti yao anawakumbuka na anauliza kama bado wanagombana juu ya mbolea. Salamu kwa jirani anayekusaidia kukamua, na kwa mwalimu wa kwaya, aweke nafasi ya sauti ya kwanza wazi. Goti usilipeleke kwa baridi asubuhi.

Kama wanahitaji kuingia kanisani juma hilo, wakate kufuli ya mlango mdogo. Nilinunua mimi, nimeruhusu. Ufunguo wenyewe uko hapa mezani kando ya sahani yake, na Nekesa amekwisha niambia nisiuguse. Utarudi Molo mkononi mwake, na mlango atafungua yeye. Chakula kimeiva, ananiita.

Ni mimi mume wako, niliyetoka wa kwanza gumbaru,

Mzee Wafula