Mkasi Wako Bado Uko Msumarini

Mama,

Mkasi wako bado unaning'inia nyuma ya kaunta, pale pale ulipouacha. Sijauondoa. Wateja wa hapa Kashai nao hawajakuondoa wewe. Wanafika dirishani, wananitazama, halafu wanachungulia nyuma yangu.

Mambo ya duka la dawa yamebadilika tangu tukuzike. Wakaguzi walipita, tukaitwa mafunzo mjini. Sasa navaa koti jeupe lenye jina langu kifuani. Antibiotiki hazitoki bila cheti cha daktari. Dozi inatoka nzima, na juu ya bahasha naandika jina la mgonjwa na namna ya kumeza. Kukata karatasi ya vidonge na kuuza vipandevipande, kama ulivyowakatia wenye shida, hakuruhusiwi kabisa.

Lakini mvua ikianza kupiga bati, Mama, nausikia. Kra, kra. Nageuka. Mkasi umetulia.

Juzi alikuja Mama Koku, jirani yetu, kambeba mjukuu wake anayekohoa. "Nikatie rangi mbili, vinne tu, waitu, mwanangu. Marehemu asingeniuliza cheti."

Nikauchukua mkasi. Ulikuwa na joto, kama umetoka kiganjani kwako sasa hivi. Vidole vyangu viliingia vyenyewe.

Hapo nikauona mguu wako. Jembe lilipokukata kule shambani kwetu Izigo ulijikatia vinne, maumivu yakapoa, ukasema, "Basi, vingine ni vya wateja." Kidonda kikarudi, ukakata tena. Ulipokubali kwenda hospitali, daktari alijaribu dawa hii na ile, mwisho akaniita pembeni akasema vijidudu vimeshazizoea. Sikukuambia. Wewe uliniuliza tu kama dukani kuna mtu.

Niliurudisha mkasi msumarini. Nikafunga duka, nikawapeleka zahanati kwa bodaboda. Mtoto akapimwa: mafua tu, hakuhitaji rangi mbili wala antibiotiki nyingine. Nilidhani Mama Koku atafurahi. Aliposhuka akasema, "Hilo koti limekupanda kichwani. Mama yako alikuwa mtu."

Sasa anapita dukani bila kunisalimia.

Najua uliwakatia kwa huruma, Mama. Ndiyo maana linaniuma. Kila ninapokataa, naona kama nakuzika upya, mbele ya watu waliokupenda. Na nikikubali... mguu wako nauona tena.

Jumapili baada ya ibada nakuja Izigo, na mkasi nakuja nao. Nakuahidi hautakata dawa tena mikononi mwangu, hata wote wakininunia. Nitautumia kukatia majani yaliyoota kaburini kwako, pale kwenye migomba.

Ukisikia kra, kra juu yako, usiamke, Mama. Hakuna mteja. Ni mimi.

Mwanao,
Adela